IBMX inaacha asilimia 70 ya shughuli ya fosfodiesterasi kwenye moyo wa panya: ni PDE8 au ni kipimo?

Kipimo_Moyo

Wakuu, habari za kazi. Naomba macho yenu kwenye matokeo haya. Napima fosfodiesterasi (PDE), familia ya vimeng'enya vinavyovunja cAMP, molekuli ya ujumbe ndani ya seli, kuwa AMP.

Tishu ni moyo wa panya wa maabara aina ya Wistar. Moyo umesuuzwa kwa PBS, ukasagwa gramu 1 kwa mililita 9 za bafa baridi: Tris 50 mM pH 7.5, EDTA 2 mM, PMSF (kizuizi cha protisi), na beta-gliserofosfati 10 mM ya kuzuia fosfatasi. Sentrifuji 10,000 g kwa dakika 10 kwenye 4°C, kisha maji ya juu ndiyo yanayopimwa.

Mmenyuko ni 100 µl: Tris 40 mM pH 8.0, MgCl2 10 mM, cAMP 100 µM, 5'-nyukliotidasi ya sumu ya nyoka (inayotoa fosfati kwenye AMP), na 10 µl za sampuli (protini takribani 50 µg). Dakika 30 kwenye 30°C, halafu naongeza rangi ya malakaiti na molibdeti na kusoma 630 nm. Kwenye grafu ya viwango, nanomoli 1 ya fosfati inanipa 0.25. Blanki yangu ni bafa na vitendanishi vyote bila sampuli.

Rolipramu 10 µM (kizuizi cha PDE4) haipunguzi hata asilimia 10. Silostamidi 1 µM (kizuizi cha PDE3) karibu haionekani. IBMX 500 µM (kizuizi cha PDE karibu zote) inaacha asilimia 70 na zaidi. Najua PDE8 haisikii IBMX, na iko moyoni. Je, naweza kusema hiki kinachobaki ni PDE8? Kama siyo, nianzie wapi kurekebisha?

Bafa_Baridi

Mkuu, PDE8 iweke kando kwanza. Km yake kwa cAMP (kiwango kinachoipa nusu ya kasi yake ya juu) iko chini sana, chini ya 0.2 µM, na kasi yake ya juu ni ndogo. Ukiweka cAMP 100 µM, PDE8 imeshashiba zamani na haiongezi kasi tena, wakati vile vimeng'enya vyenye Km kubwa ndivyo vinapata nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo kipimo chako kimepangwa namna ambayo PDE8 ndiyo ingeonekana kidogo kuliko wote. Haiwezi kubeba asilimia 70.

Blanki ndiyo inayonitia shaka. Malakaiti haipimi fosfodiesterasi, inapima fosfati, na haijali imetoka wapi. Hesabu fosfati unayoingiza wewe mwenyewe:

Moyo uliokatwa damu una fosfati huru ya mikromoli kadhaa kwa gramu, maana kreatini-fosfati huvunjika mara tu oksijeni inapokatika. Hata tukichukua 2 tu kwa gramu, ukisaga kwenye ujazo wa mililita 10 unapata 0.2 mM, na 10 µl zako zinabeba nanomoli 2. Hiyo tayari ni 0.50 kwenye mashine yako kabla cAMP haijaguswa.

PBS ina fosfati ya 10 mM. Ikibaki 0.1 ml tu kwenye vyumba vya moyo, ni mikromoli 1 kwenye mililita 10, yaani nanomoli 1 nyingine kwa kila kisima. Suuza kwa sukrosi 0.25 M au chumvi ya kawaida 0.9% yenye Tris, na ukaushe kwa karatasi ya chujio kabla ya kupima uzito.

Beta-gliserofosfati ndiyo mbaya kuliko zote. Inazuia fosfatasi kwa sababu yenyewe ni chakula chao. Kwenye mmenyuko inabaki 1 mM, yaani nanomoli 100 kwenye 100 µl. Asilimia 1 tu ikivunjwa ndani ya dakika 30, una nanomoli 1 ya fosfati ambayo haihusiani kabisa na cAMP. Unatumia pH 8 na magnesi, mazingira yanayoipendeza fosfatasi ya alkali, na nyukliotidasi ya sumu ya nyoka isiyosafishwa vizuri mara nyingi huja na fosfatasi zake. Itoe. Kwa malakaiti tumia floridi ya sodiamu 10 mM kwenye bafa ya kusagia. Ukikosa hata hiyo, saga haraka na ufanye kazi kwenye barafu.

Tafadhali endesha leo blanki nne, zote kwa muda uleule wa dakika 30:
1. sampuli ipo, cAMP haipo;
2. sampuli na cAMP, lakini cAMP inaingia baada ya rangi kusimamisha mmenyuko;
3. cAMP ipo, sampuli haipo;
4. sampuli na cAMP bila nyukliotidasi.

Ya kwanza ndiyo ya kutoa kwenye kila namba yako. Ya tatu ndiyo uliyokuwa unaitumia, na inakwambia tu kama cAMP yenyewe au vyombo vina fosfati. Vyombo vilivyooshwa kwa sabuni ya kawaida vina fosfati nyingi tu. Tumia plastiki mpya.

Kipimo_Moyo

Asante sana mkuu. Hizi hapa, wastani wa visima vitatu vitatu:

sampuli + cAMP: 1.10
sampuli + cAMP + IBMX: 0.82
sampuli bila cAMP: 0.68
cAMP ikiingia mwishoni: 0.67
bila sampuli: 0.08

Nikitoa 0.08 kama zamani, IBMX inaacha 0.74 kati ya 1.02, karibu asilimia 73. Nikitoa 0.68 inaacha 0.14 kati ya 0.42, yaani theluthi. Imeshuka, lakini theluthi bado ni nyingi. Hiyo sasa ndiyo PDE8?

Pikomoli

Bado, ndugu. Theluthi hiyo inaelezeka kwa hesabu ya mstari mmoja.

IBMX inashindana na cAMP mlango uleule. Kadiri cAMP inavyokuwa nyingi, ndivyo IBMX inavyohitajika zaidi: IC50 = Ki × (1 + S/Km), ambapo IC50 ni kiwango cha kizuizi kinachozima nusu ya kazi, Ki ni kipimo cha jinsi kizuizi kinavyoshika kimeng'enya, na S ni kiwango cha cAMP. Tuchukue PDE4 yenye Km ya 3 µM na Ki ya IBMX 10 µM, namba za kawaida kwa familia hiyo. Kwa cAMP 100 µM, mabano ni 1 + 33, yaani 34, na IC50 inapanda hadi 340 µM. Ukiweka IBMX 500 µM, kinachobaki ni 340 gawa kwa 840, asilimia 40. Wewe umepata 33. Hakuna muujiza hapo.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa cAMP 1 µM: IC50 inakuwa 13 µM, na IBMX 500 µM inaacha chini ya asilimia 3. Dawa ni ileile na sampuli ni ileile; sabstreti ndiyo iliyobadilika.

Rolipramu nayo imeangukia shimo hilohilo. Tuseme Ki ni 1 µM. Kwa sabstreti yako IC50 inafika 34 µM, kwa hiyo 10 µM inazima chini ya robo ya PDE4. Ukichanganya na fosfati ya nyuma iliyokuwa ikijaza zaidi ya nusu ya usomaji, ndiyo maana uliona chini ya asilimia 10. Silostamidi na PDE3 vilevile: Km ya PDE3 kwa cAMP iko chini ya 1 µM, kwa hiyo kwenye 100 µM kizuizi chochote kinachoshindana kinapigana vita isiyo ya haki.

Swali linalofuata ni kwa nini basi usishushe cAMP hadi 1 µM na kuendelea na malakaiti. Kwa sababu 1 µM kwenye 100 µl ni pikomoli 100 tu. Ukivunja asilimia 15, ambayo ndiyo kiasi cha kufikia, unapata pikomoli 15 za fosfati. Kwa grafu yako ya 0.25 kwa nanomoli, hiyo ni 0.004. Mashine haiwezi kuitofautisha na vumbi. Ndiyo sababu watu wanaopima fosfodiesterasi za Km ndogo wameng'ang'ania tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) tangu njia ya Thompson na Appleman ya mwaka 1971.

Malakaiti ina kazi yake: kulinganisha kasi ya jumla kwenye sabstreti nyingi, au kupima kimeng'enya kilichosafishwa. Kutenganisha familia kwa vizuizi kwenye tishu nzima siyo kazi yake.

Mzee_wa_Resini

Pikomoli amemaliza nadharia, mimi niweke mapishi.

Kusaga: Tris 20 mM pH 7.4, sukrosi 250 mM, EDTA 1 mM, DTT 1 mM, leupeptini, pepstatini, PMSF ikitiwa dakika ya mwisho kabisa. PMSF kwenye maji ya pH 8 haidumu saa nzima, na hata kwenye pH 7.4 usiiache ikae. Hili siyo la urembo. Protisi ikiikata PDE1 kidogo tu, PDE1 inabaki imewaka moja kwa moja bila kusubiri kalsiamu na kalmodulini, na hutajua kwamba umeipoteza swichi yake.

Usitupe mashapo. Kwa 10,000 g umekwisha kutupa sehemu ya PDE3 na PDE4 zilizoshika kwenye utando. Ukiwa na sentrifuji ya kasi kubwa, zungusha kwanza 1,000 g dakika 10 kutoa mabonge, halafu 100,000 g kwa saa moja. Pima maji ya juu na mashapo kila kimoja peke yake, mashapo yakiwa yameoshwa mara moja na kulainishwa tena kwenye bafa yenye Triton X-100 1%. Kama huna mashine hiyo, pima homojeneti nzima iliyochujwa kwa shashi, na useme wazi kwamba ni homojeneti nzima. Ni afadhali kuliko kuita maji ya juu ya 10,000 g "saitosoli".

Maji ya juu yapitishe kwenye kolamu ndogo ya Sephadex G-25 iliyolowekwa kwenye bafa isiyo na fosfati: unatia 100 µl, unazungusha 1,000 g dakika 2. Protini zinatoka, fosfati, ATP na nyukliotidi nyingine zinabaki ndani ya jeli. Hili ni la lazima kwa malakaiti, na hata kwa tritiamu linasaidia, maana cAMP na cGMP za tishu yenyewe zinazimua sabstreti yako au kuchezea PDE2 na PDE3. Kwa mashapo kolamu haifai, kuosha kunatosha. Usiweke usiku kucha kwenye dayalisisi, protisi zitasherehekea.

Mmenyuko, 200 µl: Tris 40 mM pH 8.0, MgCl2 5 hadi 10 mM, albumini ya ng'ombe 1 mg/ml, cAMP 1 µM yenye tritiamu ya kutosha kutoa hesabu 100,000 hivi kwa dakika. Anza na protini 5, 10 na 20 µg. Dakika 10 kwenye 30°C. Simamisha kwa maji yanayochemka, dakika 1, kisha barafu. Zungusha kidogo mrija ili mvuke uliogandia kwenye kifuniko urudi chini.

Baada ya kupoa ndipo unaweka nyukliotidasi ya sumu ya nyoka, dakika 10 kwenye 30°C, AMP inageuka adenosini. Sumu haiingii mapema, kwa sababu sumu ghafi ina fosfodiesterasi na protisi zake. Na kwa wanaoagiza vitu: ile "fosfodiesterasi I" ya sumu ya nyoka inayouzwa kwenye katalogi ni ya kukata DNA na RNA kuanzia ncha ya 3'. Siyo kontroli chanya ya kazi hii. Kontroli chanya ni ile ya ubongo au moyo wa ng'ombe, nayo inadai kalsiamu na kalmodulini.

Mwisho ni resini ya anioni, Dowex 1-X8 au QAE-Sephadex A-25. cAMP isiyovunjwa inashikwa, adenosini inapita, unaihesabu kwenye mashine ya sintilesheni.

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Dowex nayo hushika adenosini kiasi, na inashika inosini na guanosini zaidi. Kuloweka resini kwenye methanoli kunapunguza kushika huko. Lakini tishu ina deaminasi ya adenosini, na sampuli ikiwa nyingi sehemu ya adenosini inageuka inosini na kubaki kwenye resini. Unaona hesabu zinashuka kadiri unavyoongeza protini, unadhani kuna kizuizi. Pima urejesho kwa kutia adenosini yenye kaboni-14 kwenye mirija kadhaa. Na usithubutu kuzima deaminasi kwa EHNA, kwa sababu EHNA inazima PDE2 pia.

Mfano wa hesabu: jumla 100,000, sampuli 15,000, blanki iliyochemshwa 1,500, urejesho 85%. Basi 13,500 gawa kwa 85,000 ni 0.159. Mrija ulikuwa na pikomoli 200, kwa hiyo zimevunjwa 31.8 ndani ya dakika 10, yaani 3.18 kwa dakika. Protini ikiwa 20 µg, jibu ni pikomoli 159 kwa dakika kwa miligramu. Uvunjaji ni asilimia 16, sawa. Ukivuka 20, punguza protini na urudie. Kwenye 1 µM ukivunja nusu, sabstreti imeshuka hadi 0.5 na kasi uliyopata haina maana.

Tritiamu ina kibali chake. Kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Uliza ofisi ya usalama wa mionzi ya chuo kabla ya kuagiza.

Kipimo_Moyo

Mzee, shikamoo, na asante. Tritiamu kwetu haipo. Tuna HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali kwa kolamu) yenye kigunduzi cha UV. Inafaa? Na nitumie vizuizi vipi ili nitenganishe familia?

Pikomoli

HPLC inafaa ukikubali kupanda hadi cAMP 10 µM. Kwenye 200 µl una nanomoli 2. Asilimia 15 ni pikomoli 300, ukidunga robo yake una pikomoli 75, na 260 nm inaziona bila shida kwenye kolamu ya C18. Chemsha dakika 2, zungusha 16,000 g dakika 10, chuja 0.2 µm. Nyukliotidasi huihitaji. Ila usisome kilele cha AMP peke yake: tishu itaendelea kuivunja, kwa hiyo jumlisha AMP, IMP, adenosini, inosini na haipozantini. Mtu akisoma AMP tu, moyo utaonekana mvivu kuliko ulivyo. Blanki ya sampuli bila cAMP bado inahitajika.

Kwa 10 µM hesabu ya IC50 bado inauma, ingawa siyo kama 100: kwa ile PDE4 mabano ni 4.3 badala ya 34. Rolipramu 10 µM sasa inazima takribani asilimia 70 ya PDE4 yenye Ki ya 1 µM. Panda hadi 30 µM kwa mstari wa kulinganisha, kisha chora mkunjo wa dozi badala ya kutegemea dozi moja. PDE3 itakusumbua zaidi kwa sababu Km yake ni ndogo.

Vizuizi:

Rolipramu kwa PDE4. Silostamidi kwa PDE3. Milrinoni, nayo ya PDE3, ikizidi 10 µM inaanza kugusa PDE4. BAY 60-7550 kwa PDE2. Weka kila kimoja peke yake, na rolipramu na silostamidi pamoja, maana kimoja kikizima njia moja hakibadilishi nyingine ndani ya homojeneti na jumla inapaswa kukaribiana. Zaprinasti usiitumie kuthibitisha PDE5. Inagusa PDE1, PDE6 na PDE9 pia.

PDE1 haitafutwi kwa kizuizi bali kwa swichi: seti moja yenye EGTA 1 mM (inayoshika kalsiamu), nyingine yenye kalsiamu inayozidi EGTA na EDTA zote zilizoingia, pamoja na kalmodulini 4 µg/ml. Tofauti ya seti hizo ndiyo PDE1. Kipimo chako cha kwanza hakikuongezewa kalsiamu wala kalmodulini, kwa hiyo huenda PDE1 ilionekana kidogo bila wewe kutaka.

Kuongeza cGMP 5 µM kunawasha PDE2 na papo hapo kunazima PDE3. Ukiona jumla haijabadilika, usiseme hakuna kitu. Huenda moja imepanda na nyingine imeshuka. Rudia ukiwa umeshaweka silostamidi.

DMSO iwe chini ya 1% na iwe sawa kwenye mirija yote, pamoja na ile isiyo na dawa. IBMX ikitoka friza iache iyeyuke kabisa. Ikiganda chini ya mrija wa stoki, 500 µM uliyoandika daftarini haimo kwenye mmenyuko.

Na PDE8, ukiitaka kweli, itafutwe kwa cAMP ya 0.1 µM au chini, pamoja na IBMX kuzima wengine, kisha uthibitishe kwa kingamwili au kwa kizuizi chake. Hapo HPLC ya UV haifiki.

Seli_Hai

Naomba niingilie kidogo. Mimi niko kwenye seli za misuli ya moyo zilizooteshwa kwenye sahani. Nikitia foskolini 10 µM, pamoja na rolipramu na bila rolipramu, kisha nikapima cAMP kwa ELISA, si ni shughuli ya fosfodiesterasi ileile bila taabu hii yote?

Bafa_Baridi

Hapana, dada au kaka. Hiyo inapima kiasi cha cAMP kilichopo, ambacho ni tofauti ya kutengenezwa na kuvunjwa, ukiondoa ile inayosukumwa nje ya seli. Foskolini inafungulia adenilili saiklesi (kimeng'enya kinachotengeneza cAMP) hadi mwisho, na hapo PKA (kimeng'enya kinachoamshwa na cAMP) inaifosforilisha PDE3 na zile PDE4 ndefu, zinaongeza kasi zenyewe. Ni taarifa nzuri kuhusu seli, ila usiiandike kama pikomoli kwa dakika kwa miligramu.

Ukiifanya, vunja seli kwa HCl 0.1 M moja kwa moja kwenye sahani, usitumie bafa laini ya pH 7. Kwenye bafa laini fosfodiesterasi zinaendelea kula cAMP wakati unakwangua, na kisima cha mwisho kitakuwa na cAMP kidogo kuliko cha kwanza hata kama vimetibiwa sawa. Pima pia cAMP ya kwenye maji ya kuoteshea.

Ukitaka shughuli yenyewe kwenye seli zilizotibiwa, zimwagie bafa baridi yenye floridi na vanadeti mara tu muda unapoisha, usage, upime kwenye mrija kwa njia ya Mzee. Bila vizuizi vya fosfatasi, ule ufosforilishaji unaoutafuta utaondoka ukiwa kwenye barafu. Na kwa malakaiti, vanadeti inaingilia rangi ya molibdeti, kwa hiyo ni HPLC au tritiamu tu.

Mzee_wa_Resini

Marahaba, Kipimo_Moyo. Nyongeza mbili.

Protini pima kwa njia inayoendana na bafa: DTT inaharibu BCA, Triton 1% inaharibu Bradford. Mashapo yaliyolainishwa na Triton pima kwa BCA bila DTT, maji ya juu yenye DTT pima kwa Bradford, na viwango vya albumini viandaliwe ndani ya bafa hiyohiyo.

Pili, usihamishe matokeo ya panya kwenda kwa binadamu. Kwenye moyo wa panya PDE4 ina sehemu kubwa ya kazi. Kwenye moyo wa binadamu PDE3 na PDE1 ndizo zinazobeba zaidi. Andika aina ya mnyama, kiwango cha cAMP, na kama kalsiamu ilikuwepo, palepale kwenye kichwa cha jedwali.

Kipimo_Moyo

Nimepitisha maji ya juu kwenye G-25 na kuondoa beta-gliserofosfati: sampuli bila cAMP imeshuka kutoka 0.68 hadi 0.12. Wiki ijayo naanza HPLC na cAMP 10 µM. Swali la mwisho: maji ya juu yanaweza kukaa friza?

Mzee_wa_Resini

Gawanya kwenye mirija midogo ya 50 µl, gandisha kwa naitrojeni kimiminika, weka −80°C, na kila mrija uyeyushwe mara moja tu. Weka mmoja wa kulinganisha: pima ukiwa mbichi leo, pima wa friza wiki ijayo kwa kalsiamu na kwa EGTA. PDE1 ikianza kufanya kazi sawa pande zote mbili, protisi zimeshapita hapo.